Je, nimfungulie kasuku wangu dirisha arudi porini?

"Nina kasuku wa kijivu dume niliyemnunua akiwa kinda, miaka saba iliyopita. Anaishi peke yake katika kizimba kikubwa sebuleni, anakula mbegu za alizeti na karanga, anajua maneno zaidi ya thelathini, na hadi mwaka jana niliamini kwamba ana furaha. Tangu hapo ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, na sasa ngozi yake inaonekana. Majuzi mimi na binti yangu tulitazama video ya kundi la kasuku wa aina yake wakiruka juu ya msitu, naye akaniuliza kwa nini tunamfungia ndege ambaye ndugu zake wako huru. Sikuwa na jibu. Baadhi ya rafiki zangu wananiambia nimwachilie. Wengine wanasema kwamba aliyezaliwa kizimbani hakujui porini, kwa hiyo hakosi kitu. Nani yuko sahihi, nami nifanye nini?"

Nianze na lile lisiloweza kungoja: usimfungulie dirisha. Sababu zake nitazieleza kwa kirefu, lakini nimeliweka mbele kwa kuwa huruma ikizidi huweza kumfanya mtu atende jambo lisilorekebishika kabla hajafika mwisho wa barua. Katika swali lako nasikia mambo mawili yaliyofungamana. La kwanza ni la afya, nalo ni ndege anayejinyonyoa mpaka ngozi ionekane. La pili ni la dhamiri, nalo ni lile swali la binti yako, ambalo nakiri kwamba hata sisi tunaofanya kazi ya kutibu ndege hulikwepa mara nyingi. Rafiki zako wa pande zote mbili wamekosea, ingawa kila upande umeshika kipande cha ukweli. Kasuku wako haukosi msitu kwa namna ambayo mtu huikosa nyumba aliyokulia, kwa maana pengine hajawahi kuuona. Anachokosa ni kazi ambazo mwili wake na akili yake viliumbwa kuzifanya, na kazi hizo ndizo zilizoujaza msitu ule mliouona kwenye video.

Tuyatazame kwanza hayo maneno thelathini, kwa sababu ndiyo yaliyokufanya uamini kwamba ana furaha. Sauti ya kasuku hutoka katika kiungo kilicho chini kabisa ya koo, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu mawili, naye huichonga kwa ulimi wake mnene. Hakupewa uwezo huo kwa ajili ya kutuburudisha. Porini, kasuku huishi katika kundi linalotawanyika na kukusanyika tena mara nyingi kwa siku, ndani ya majani mazito ambamo jicho halifiki mbali, na sauti ndiyo kamba inayowafunga pamoja. Watafiti waliowafuatilia kasuku wadogo wa kijani nchini Venezuela walionyesha mwaka 2011 kwamba wazazi humpa kila kinda mlio wake wa pekee akiwa bado kiotani, naye huuchukua, akaurekebisha kidogo, ukawa kitambulisho chake kwa wenzake. Jambo ambalo haliko mbali na kumpa mtoto jina. Kasuku wa kijivu nao wamerekodiwa katika misitu ya Kongo wakiiga milio ya ndege wengine, na hata ya popo. Kwa hiyo kasuku wako anapokusalimu asubuhi, anaita kundi lake, na kundi lenyewe ni wewe na binti yako. Ukimjibu hutulia. Mkiondoka wote kutwa nzima, huita asipate jibu. Wingi wa maneno ni dalili ya ndege mwenye akili anayejitahidi kuwa na mtu. Hauwezi kuwa kipimo cha furaha, nami nimetibu kasuku wenye msamiati wa kushangaza waliokuwa uchi kuanzia chini ya shingo hadi mapajani.

Sasa fikiria siku ya kasuku wa kijivu katika ukanda wa misitu unaoanzia Afrika Magharibi, ukapita bonde la Kongo na kufika Uganda. Usiku hulala juu ya miti mirefu pamoja na wenzake, wakiwa mamia, na mahali ambapo bado wako wengi, maelfu. Alfajiri huondoka kwa makundi madogo na kuruka kilomita kadhaa hadi kwenye miti iliyozaa. Hupenda sana matunda ya mchikichi, lakini hakuna mti mmoja unaomtosheleza mwaka mzima, hivyo hulazimika kujua ni mti upi umeiva wapi na lini, na ujuzi huo huupata kwa kuwafuata wakubwa. Tunda lenyewe halijisalimishi: hulishika kwa mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akaligeuzageuza, akalimenya, akalipasua, na mara nyingi akatupa nusu yake chini. Katika baadhi ya sehemu kundi hushuka kwenye mbuga ndogo zenye majimaji katikati ya msitu ili kula udongo na mimea ya humo, na hakuna anayethubutu kushuka peke yake, kwa kuwa chini ni mahali pa hatari na macho mia huona zaidi ya mawili. Wakati wa jua kali hupumzika matawini, mtu na mwenzake, wakichambuana manyoya ya kichwani, mahali ambapo kila mmoja hawezi kujifikia mwenyewe. Jioni hurudi kwenye miti ya kulala kwa makelele ambayo aliyeyasikia hayasahau.

Huko ndiko hulelewa makinda. Jike hutaga kwa kawaida mayai 3 hadi 5 ndani ya mvungu wa mti, huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja, na makinda hukaa humo kwa wiki 12 hivi kabla ya kuruka. Hata baada ya kuruka hawaachwi wajitegemee papo hapo. Huendelea kufuatana na wazazi wakijifunza chakula, njia na adui. Kinda aliyelelewa kwa mkono na mtu hukosa elimu hiyo yote, na kipindi hicho kikishapita, mengi yake hayafundishiki tena kwa wepesi.

Hata hivyo sitaki umchoree binti yako picha ya peponi. Porini kuna kipanga anayenyakua, kuna mvua zinazokawia na matunda yasiyoiva, kuna kugombea mivungu ambayo haitoshi, kuna wadudu wa ngozi na magonjwa yasiyo na daktari, na kasuku wengi hufa kabla ya kutimiza umri wa kuzaa. Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri na watu huweza kupita miaka 40. Wapo wanaoihesabu miaka hiyo na kuhitimisha kwamba kizimba ni bora. Hesabu yao haina uongo, ila ni hesabu ya wingi wa siku tu. Haisemi siku hizo zimejazwa nini.

Wale rafiki zako wanaosema aliyezaliwa kizimbani hakosi kitu wanamchanganya kasuku na kuku. Kuku na mbwa wamebadilishwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, kizazi baada ya kizazi, tukichagua wapole na kuwaacha wakali, hata silika zao zikageuka. Kasuku wa kijivu aliye sebuleni kwa kawaida ametengana na msitu kwa kizazi kimoja, viwili au vichache tu. Amezaliwa mikononi mwa watu, ni kweli, lakini ubongo wake, mabawa yake na haja yake ya kuwa na wenzake ni vilevile vya ndege wa porini. Mnyama aliyezoea watu si sawa na mnyama wa kufugwa, na tofauti hiyo ndiyo mzizi wa karibu kila tatizo ninaloletewa.

Na hapo ndipo tunapoyafikia manyoya. Kasuku wengi porini hutumia kati ya saa 4 na 6 kwa siku kutafuta chakula na kukichakata. Ndege wa kizimbani huwekewa chakula ndani ya bakuli, akakimaliza kwa saa moja hivi au chini ya hapo. Saa zinazobaki ana mdomo wenye nguvu ya kupasua kokwa, ana ulimi mwepesi na akili isiyotulia, na mbele yake hakuna la kupasua wala la kutatua. Kitu pekee kilicho karibu, kinachochambulika na kinachobadilika akikigusa ni mwili wake mwenyewe. Kujichambua manyoya ni tendo la kawaida kwa kila ndege. Likikosa mpaka hugeuka kunyonyoa, na kunyonyoa kukishakuwa mazoea huendelea hata sababu ya kwanza ikiondolewa. Utafiti uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 2003 uliwagawa kasuku wa kijani wa Amerika Kusini katika makundi mawili: waliopewa vifaa vya kuwafanya watafute chakula pamoja na vitu vya kupanda na kutafuna walibaki na manyoya mazuri, huku waliolelewa katika vizimba vitupu wakijinyonyoa, nao waliokwisha kujinyonyoa, walipopewa vifaa hivyo, hali yao ikawa afadhali. Ninaupenda utafiti huo kwa sababu haukuwapeleka ndege hao msituni. Uliwarudishia kazi tu.

Upweke nao huacha alama ambayo jicho haliioni. Mwaka 2014 watafiti wa Austria walipima damu ya kasuku wa kijivu na kugundua kwamba wale walioishi peke yao walikuwa na ncha fupi zaidi za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, kuliko wenzao wa umri uleule walioishi wawili wawili. Ncha hizo hufupika kadiri kiumbe anavyozeeka, na msongo wa muda mrefu huharakisha jambo hilo. Ninakueleza hivi ili ujue kwamba tunapomwita kasuku ndege wa jamii tunazungumzia haja ya mwili wake, kama tunavyosema juu ya maji au chakula, wala si kukutia hatia. Yule kasuku mashuhuri aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg nchini Marekani kwa takriban miaka 30 hadi alipokufa mwaka 2007, aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi hadi 6. Akili ya namna hiyo ikiachwa bila mtu wala shughuli hutafuta pa kutokea.

Pamoja na hayo yote, kabla ya kuamini kwamba kasuku wako ana huzuni, ni lazima ijulikane kwamba hana ugonjwa. Kunyonyoa manyoya huweza kuletwa na maambukizi ya ngozi, ini lililodhoofika, sumu ya risasi au zinki kutoka kwenye nyaya na vifaa duni vya kizimba, maumivu ya ndani yanayomfanya atafune ngozi iliyo juu yake, au virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo. Kuna kipimo kimoja unachoweza kukifanya ukiwa nyumbani: tazama kichwa chake. Ndege hawezi kujifikia kichwani kwa mdomo wake mwenyewe. Kichwa kikiwa na manyoya kamili huku kifua kikiwa uchi, yaelekea anajinyonyoa, lakini kichwa nacho kikiwa na mabaka au manyoya yaliyopinda, tunashuku ugonjwa moja kwa moja. Usisahau pia chakula. Mbegu za alizeti na karanga zimejaa mafuta, zina vitamini A kidogo mno na kalsiamu kidogo mno, na kasuku wa kijivu kuliko aina nyingine nyingi huumizwa na upungufu wa kalsiamu, hata kufikia kutetemeka na kuanguka kifafa. Vitamini A ikipungua, ngozi hukauka na kuwasha. Miaka saba ya chakula hicho yatosha kuanzisha tatizo ambalo kila mtu atalidhania kuwa la upweke.

Nirudi kwenye dirisha. Mwaka 1986 wataalamu walianza kuwarudisha kasuku wenye mdomo mnene katika milima ya Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, ambako walikuwa wametoweka miongo mingi kabla. Ndege waliokuwa wamekulia porini kisha wakakamatwa na walanguzi walijaribu, na baadhi yao walimudu kwa muda. Waliolelewa na watu walishindwa vibaya: hawakujua kukaa na kundi, hawakuweza kuila vizuri mbegu ya msonobari ambayo ndiyo chakula chao cha asili, na vipanga waliwamaliza. Kazi ile ilisimamishwa mwaka 1993. Kumbuka kwamba hao walikuwa wataalamu wenye ndege wengi, chakula cha ziada na ufuatiliaji wa kila siku. Ndege mmoja anayetoka dirishani hana hata kimoja kati ya hivyo, na anachokutana nacho kwa kawaida ni njaa, mwewe, gari au mtu mwingine mwenye kizimba.

Siyo kwamba haiwezekani kabisa. Huko Puerto Rico, kasuku wa kijani wa kisiwa hicho walipungua hadi 13 tu porini mwaka 1975, na kizazi cha ndege waliozalishwa katika vituo maalumu ndicho kilichowaokoa. Lakini kabla ya kuachiliwa walifundishwa kumwogopa kipanga, kwa kuonyeshwa kipanga hai akishambulia, na waliachiliwa wakiwa kundi. Nchini Brazil, kasuku wa buluu wa Spix, ambaye wa mwisho porini alitoweka mwaka 2000, alirudishwa Juni 2022 katika eneo la Curaçá, jimbo la Bahia: ndege 8 wa aina yake waliachiliwa pamoja na kasuku 8 wa aina nyingine wanaoishi kwenye ukame uleule, wawe kama walimu wao. Angalia jinsi mlango wa kizimba ulivyo sehemu ndogo ya kazi hiyo. Sehemu kubwa ni kuwapa ndege kundi na elimu waliyonyimwa.

Kuna pia madhara kwa wengine. Ndege aliyeishi na watu huweza kubeba vijidudu ambavyo wa porini hawana kinga navyo, na kasuku wakiachiliwa mahali pasipo pao huweza kustawi kupita kiasi, kama ilivyotokea London, ambako kasuku wa kijani wenye pete shingoni, asili yao Asia na Afrika, sasa wamezagaa katika bustani, na katika miji ya Ulaya walikoenea hugombea mivungu na ndege wenyeji. Tena katika nchi nyingi kuachilia ndege wa namna hiyo ni kosa la kisheria.

Niseme na hili, ingawa hukuniuliza. Kati ya mwaka 1982 na 2014 zaidi ya kasuku wa kijivu milioni 1 waliotekwa porini waliingia katika biashara ya kimataifa, bila kuhesabu waliokufa ndani ya magunia na masanduku kabla ya kufika sokoni, ambao ni wengi mno. Nchini Ghana, ambako zamani waliruka kwa makundi makubwa, wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ziliwaweka katika orodha ya kwanza, inayopiga marufuku biashara ya kimataifa ya ndege waliotekwa porini, na katazo hilo likaanza kutumika mwaka 2017. Kama huna hati zinazoonyesha kasuku wako alikotoka, wasiliana na mamlaka ya wanyamapori ya nchi yako ili ujue unachotakiwa kufanya. Na ukiwa na wazo la kumtafutia mwenzake, usimnunue ndege yeyote ambaye asili yake haielezeki, hata ukimwonea huruma kwa hali unayomkuta nayo, kwa sababu fedha hiyohiyo hulipia mtego wa mwingine.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni kumpeleka katika kituo cha hifadhi chenye vizimba vikubwa vya kurukia na kasuku wengine wa aina yake. Inaonekana ni jibu safi, na kwa baadhi ya ndege ndiyo jibu, lakini vituo hutofautiana sana. Uliza wanawapima magonjwa namna gani kabla ya kuwachanganya, uliza kama wanazalisha na kuuza, na uombe kuona kwa macho yako mahali wanapolala. Usisahau kwamba kwa kasuku wako kuondoka ni kufiwa na kundi zima kwa siku moja. Wengine hupona, wengine hujinyonyoa zaidi. Ya pili ni kumletea mwenzake. Hii nami huipenda, ila si dawa ya haraka: mgeni hutengwa katika chumba kingine kwa wiki 4 hadi 6 na kupimwa, kila mmoja huwa na kizimba chake, na huenda wasipendane kamwe, kwa kuwa kasuku huchagua mwenzi kama watu wanavyochagua. Wakipendana, huenda yeye akakupuuza wewe. Uwe tayari kulifurahia hilo. Zaidi ya yote, usimlete wa pili mpaka sababu ya kunyonyoa ijulikane, la sivyo utakuwa na wawili wanaougua.

Ya tatu, ambayo ningeanza nayo kama ningekuwa wewe, ni kuibadilisha siku yake. Chakula kiache kuwekwa bakulini. Kifungwe ndani ya karatasi safi, kichomekwe kwenye matawi, kifichwe katika visanduku vya karatasi ngumu, kwanza kirahisi kabisa huku anakiona, kisha kigumu kadiri anavyoelewa. Mpe vijiti vya miti isiyo na sumu avivunje, na usihuzunike kwa uchafu, kwa kuwa uchafu huo ndio kazi yenyewe. Mhamishe taratibu kutoka kwenye mbegu kwenda kwenye chakula cha punje kilichotengenezwa kwa ajili ya kasuku, pamoja na mboga za majani, karoti na boga, huku ukimpima uzito kwa mizani ya gramu kila asubuhi, kwa sababu kasuku mkaidi huweza kukaa na njaa kuliko kula asichokijua. Parachichi na chokoleti asiguse kamwe. Apate saa 10 hadi 12 za usingizi katika giza na ukimya, jambo ambalo sebule yenye televisheni haimpi. Apate jua la moja kwa moja akiwa ndani ya kizimba salama nje, kwa kuwa kioo cha dirisha huzuia ile mionzi inayomsaidia kutengeneza vitamini D. Mnyunyizie maji safi mara kadhaa kwa wiki. Na aruke: kama manyoya ya mabawa yake yamekatwa, yaache yaote, kisha umruhusu kuruka kila siku katika chumba kilichofungwa madirisha, kilichozimwa feni, kilicho mbali na jiko. Sufuria zenye utando usiogandisha chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa hewa ambayo mtu huenda asiihisi, lakini huua ndege kwa dakika chache.

Jambo dogo ambalo wengi hawalijui: mpapase kichwani na shingoni tu. Kumpapasa mgongoni na chini ya mabawa, kwa mwili wake, ni ishara ya mwenzi wa kuzaa naye. Dume aliyepevuka anayepapaswa hivyo kila siku huishi katika shauku isiyotimizwa, na shauku hiyo mara nyingi huishia kwenye manyoya. Miaka saba ndiyo umri ambao jambo hili huwa limekwisha kujitokeza. Vilevile, ukimwona anajinyonyoa usipige kelele wala usimkimbilie, kwa maana atajifunza upesi kwamba hivyo ndivyo unavyoitwa.

Usitegemee kifua kipya mwezi ujao. Manyoya yaliyong'olewa hurudi kwa miezi, na shina la nyoya likishaumizwa mara nyingi huenda lisiote tena. Nina wagonjwa ambao hawakuota manyoya yote lakini wakaacha kujinyonyoa, wakala, wakaruka na kucheza, nami nikahesabu kwamba wamepona.

Mtafute daktari wa wanyama mwenye uzoefu wa ndege ndani ya wiki hizi mbili hata kama unaona mabadiliko mazuri, kwa sababu kipimo cha damu na picha ya eksirei haviwezi kufanywa kwa barua. Usingoje hata siku moja ukiona damu au kidonda, akikaa chini sakafuni mwa kizimba amevimbisha manyoya, akikataa chakula kutwa nzima, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, akitetemeka au kuanguka, au mizani ikionyesha kwamba amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake. Ndege huficha ugonjwa, kwa kuwa porini anayeonekana dhaifu ndiye anayechaguliwa na kipanga. Mpaka wewe uuone, umekwisha kukaa naye. Na mmoja wenu nyumbani akipata homa kali na kikohozi, mwambieni daktari wa watu kwamba mnaishi na kasuku, kwa sababu ile homa ya kasuku iliyozuka katika nchi nyingi mwaka 1929 na 1930 bado ipo, na hutibika vizuri ikitambuliwa mapema.

Siku ya kwenda kwa daktari, beba picha za kifua chake tangu alipoanza kujinyonyoa, kinyesi cha asubuhi hiyo katika chombo safi, orodha ya kila anachokula, na saa ambazo hubaki peke yake. Binti yako mwambie kwamba swali lake lilikuwa la haki na kwamba ndege huyu alistahili maisha mengine tangu mwanzo. Kisha mkabidhi kazi ya kuficha chakula kila asubuhi kabla hajatoka. Siku za kwanza kasuku atazitazama karatasi hizo kwa woga, pengine asiziguse kabisa, kwa hiyo binti aifungue moja mbele yake na kula kilichomo.